Boston 2003: bulpeni isiyo na mwenyewe

Wiki hii siandiki kuhusu simu mpya wala programu ya kupakua. Nataka niwapeleke Marekani, kwenye besiboli, mchezo ambao hapa kwetu hauna mashabiki wengi na ambao mimi niliuingia kwa mlango wa nyuma, yaani kupitia takwimu. Kuna mradi unaoitwa Retrosheet, ulioanzishwa na David Smith mwaka 1989. Watu wa kujitolea hukusanya rekodi za mechi za zamani, tukio baada ya tukio, na kuziweka mtandaoni bure. Ni faili za maandishi matupu zilizotenganishwa kwa koma. Mwandishi wa programu akiona kitu kama hicho usingizi unamruka. Nilizipakua nifanyie mazoezi ya hifadhidata, nikajikuta nasoma historia.

Katika historia hiyo kuna msimu mmoja ninaourudia kila mara: msimu wa 2003 wa timu ya Boston Red Sox. Viongozi wa timu ile walikuwa na hesabu sahihi mkononi, wakaitumia, ikawaumbua siku ya kwanza kabisa. Watu wa kompyuta tunapenda kuamini kwamba hesabu ikishakuwa sahihi kazi imekwisha. Basi hii hapa ni kesi ya kutafakari.

Kwa wasioujua mchezo, maelezo ya dakika mbili. Kama ulifuatilia kriketi mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2003, Steve Tikolo na vijana wake walipotufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia, nusu ya somo unalo tayari: kuna mtu anarusha mpira, kuna mtu ameshika gongo, na mwisho tunahesabu mikimbio. Besiboli ina raundi tisa. Katika kila raundi kila timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe. Mrushaji ndiye roho ya timu, na akishatolewa uwanjani harudi tena mechi hiyo. Anayeanza mechi tumwite mrushaji wa kwanza. Siku hizi haendi mbali sana, raundi tano, sita au saba, mkono unachoka. Baada yake wanaingia warushaji wa akiba, ambao muda wote huo wamekaa mahali palipozungushiwa uzio kando ya uwanja panapoitwa bulpeni. Kuna simu pale. Inalia, kocha wa bulpeni anapokea, na mtu fulani anaambiwa avue jaketi aanze kupasha mkono.

Kishike hicho cha kupasha mkono. Mkono wa mrushaji hauwashwi kama taa. Anahitaji dakika kadhaa na mipira mingi ya kujaribia kabla hajawa tayari kurusha kwa nguvu zake zote. Akipasha halafu asiitwe, akakaa, akapoa, kisha akaambiwa apashe tena, ile mipira yote imeshaingia mkononi mwake kama uchovu. Lakini haikuandikwa popote. Katika zile faili nilizopakua kila mpigaji yupo, kila badiliko la mchezaji lipo. Mtu aliyepasha mara mbili na asiingie uwanjani hayupo kabisa. Kwa hifadhidata, siku hiyo alipumzika.

Zamani hakukuwa na swali la majukumu kwa sababu hakukuwa na majukumu. Mrushaji wa kwanza alitarajiwa kumaliza mechi, na waliokaa bulpeni wengi wao walikuwa watu walioshindwa kuanza. Walikuwapo wa kipekee, kama Firpo Marberry wa Washington miaka ya 1920, ambaye klabu ilimtumia makusudi mwishoni mwa mechi na ikatwaa ubingwa wa 1924. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1974, Mike Marshall wa Los Angeles Dodgers aliingia katika mechi 106 za msimu mmoja na kurusha raundi 208, zote akitokea bulpeni. Akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kupata tuzo ya Cy Young, tuzo kubwa kuliko zote kwa warushaji. Marshall aliingia wakati wowote moto ulipowaka, akakaa raundi mbili, tatu. Kama angekuwa programu ya kompyuta, angekuwa ile inayokatiza nyingine zote pakitokea dharura.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka uwanjani. Kilitoka gazetini, na hapa ndipo mtu wa takwimu anapoinua masikio. Mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, alikerwa na rekodi ya mrushaji wa akiba wa Pittsburgh, Elroy Face, ambaye mwaka 1959 alishinda mechi 18 na kupoteza 1. Inaonekana kama miujiza. Tatizo ni kwamba baadhi ya ushindi huo aliupata baada ya yeye mwenyewe kuacha wapinzani wasawazishe, kisha wenzake wakamwokoa kwa magongo yao. Holtzman aliona kuna warushaji waliofanya kazi bora kuliko hiyo na hawakuandikiwa chochote. Akabuni kipimo kipya kilichoitwa sevu (hakihusiani na kusevu faili). Mwaka 1969 kikawa kipimo rasmi cha ligi kuu. Sheria yake imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini kiini ni hiki: unapata sevu ukimaliza mechi ambayo timu yako imeshinda, nawe uliingia mkiongoza kwa mikimbio isiyozidi mitatu ukarusha angalau raundi nzima. Kuna njia nyingine mbili za kuipata, tuziache.

Nia ilikuwa nzuri. Lakini kipimo kikishakuwapo watu hufanya kazi ili kipimo kipande, na hilo yeyote aliyewahi kupimwa kwa idadi ya mistari ya programu anayoandika kwa siku analijua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kocha wa Oakland, Tony La Russa, alimchukua Dennis Eckersley, mrushaji wa kwanza aliyekuwa anaelekea ukingoni, akampa kazi moja: raundi ya tisa, tukiongoza. Basi. Mwaka 1988 Eckersley alipata sevu 45. Mwaka 1990 alipata 48, na katika msimu mzima aliwaruhusu watu 4 tu kwenda kituo cha kwanza bure. Mwaka 1992 akachukua Cy Young na tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake kwa pamoja. Timu nyingine ziliona, zikaiga. Katika miaka michache kila timu ilikuwa na mfunga mchezo wake, mtu wa raundi ya tisa, na nyuma yake mtu wa raundi ya nane, na nyuma ya huyo mtu wa raundi ya saba. Mishahara nayo ikafuata sevu.

La Russa anasingiziwa kwamba alibuni mfumo wa kijinga unaomfungia mrushaji bora chumbani hadi raundi ya tisa. Mimi naona alichowapa watu wake ni ratiba. Eckersley alijua siku zote kazi yake iko wapi. Raundi ya nne angeweza kukaa anapiga soga, hakuna simu itakayomtafuta. Hakuna mpira hata mmoja wa kupasha uliopotea bure. Faida hiyo haionekani kwenye takwimu kwa sababu ile ile niliyoitaja juu.

Sasa aingie Bill James. Huyu jamaa ni shujaa wa kila mtu anayependa data. Miaka ya 1970 alikuwa mlinzi katika kiwanda cha maharagwe ya makopo huko Lawrence, Kansas, akaanza kuandika uchambuzi wake wa besiboli na mwaka 1977 akajichapishia kitabu mwenyewe. Miaka ishirini na mitano baadaye, Novemba 2002, Red Sox walimwajiri kuwa mshauri. Mwezi huo huo walimteua Theo Epstein, umri miaka 28, kuwa meneja mkuu.

Hoja ya James kuhusu bulpeni ilikuwa rahisi na mimi sijaona aliyeivunja. Timu inayoongoza ikiingia raundi ya tisa hushinda karibu mara 95 kwa kila mechi 100, na Smith wa Retrosheet alionyesha baadaye kwamba kiwango hicho hakijabadilika sana kwa miongo mingi, kabla na baada ya kuzaliwa kwa mfunga mchezo. Ukiongoza kwa mikimbio mitatu ni takriban 97. Kwa nini umtumie mtu wako bora kulinda kitu ambacho karibu mrushaji yeyote atakilinda? Mtumie mechi ikiwa sare, au mkiongoza kwa mmoja, hata ikiwa raundi ya saba. Pale kila mpira una uzito. Kwa lugha yetu ya kompyuta, acha kupanga kazi kwa saa, panga kwa kipaumbele.

Boston walikuwa na mfunga mchezo, Ugueth Urbina, aliyepata sevu 40 mwaka 2002. Wakamwacha aende. Badala yake wakakusanya warushaji wa bei nafuu kidogo: Mike Timlin, Ramiro Mendoza, Chad Fox, na Alan Embree ambaye walikuwa naye tayari. Kocha Grady Little angemchagua yeyote kulingana na hali. Vyombo vya habari vikaibatiza kamati.

Tarehe 31 Machi 2003, mechi ya ufunguzi, Florida, dhidi ya Tampa Bay Devil Rays, timu iliyokuwa dhaifu kweli kweli enzi hizo. Pedro Martínez anarusha raundi saba, anaruhusu mkimbio mmoja. Boston wanaingia raundi ya tisa wakiongoza 4-1. Mikimbio mitatu. Ile hali hasa ambayo hesabu inasema mweke yeyote. Akawekwa Embree. Terry Shumpert akampiga mpira ukatoka nje ya uwanja, 4-3. Akaletwa Fox. Carl Crawford, kijana wa miaka 21, naye akaupeleka nje kukiwa na wenzake wawili vituoni. 6-4, mechi imekwisha, watu wa Tampa wanarukaruka.

Mtu wa takwimu atasema: ni mechi moja kati ya 162, asilimia tatu nayo hutokea. Kweli kabisa. Lakini hesabu haikuwa imezingatia kwamba jambo lenye jina hubeba lawama. Mfunga mchezo wa kawaida akipoteza mechi, amepoteza yeye, kesho atarudi. Kamati ikipoteza mechi, wazo zima limeshindwa. Waswahili tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na huko Boston karibu kila mwandishi wa michezo aliimba wimbo wa namna hiyo mwezi mzima wa Aprili.

Mimi sikubali kwamba methali hiyo inahusika hapa, maana nahodha alikuwa mmoja tu, Little. Palipovuja ni kwingine. Hebu jiweke kwenye benchi la bulpeni ile. Raundi ya sita, timu yako inaongoza kwa mmoja, wapinzani wana mtu kituo cha pili. Simu inalia. Ni wewe? Ni mwenzako? Kwa mfumo wa Oakland, watu wanne kati ya sita wanajua haiwahusu. Kwa mfumo wa kamati, wote wanainua shingo. Na kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa.

Nimewahi kuyaona haya kwenye kazi yetu. Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi tulikuwa watu wanne wenye jukumu la seva zikizimika usiku. Kwa miezi michache hapakuwa na zamu. Agizo lilikuwa kwamba atakayeona ujumbe kwanza ashughulikie. Nadharia safi, mtu aliye karibu na mwenye nafasi ndiye atakayejibu haraka. Kilichotokea ni kwamba usiku mmoja tuliamka wanne wote tukaingia kwenye seva ile ile tukifutiana kazi, na usiku mwingine hakuamka hata mmoja, kila mtu akiwa na hakika kuwa fulani ameamka. Kibaya zaidi ni usingizi. Ukiwa na zamu yako wiki moja kati ya nne, wiki tatu unalala fofofo. Bila zamu, unalala jicho moja wazi wiki zote nne. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilionyesha matukio mangapi na yalichukua dakika ngapi. Usingizi haukuwa na safu kwenye jedwali.

Turudi Boston. Kamati haikumaliza hata miezi miwili. Polepole raundi ya tisa ikaanza kumwangukia Brandon Lyon, kijana waliyemwokota baada ya Toronto kumwacha, akapata sevu 9. Tarehe 29 Mei wakamtoa Shea Hillenbrand kwa Arizona wakampata Byung-Hyun Kim, Mkorea mwenye mtindo wa kurusha mkono ukitokea chini. Hata huyu aliyeletwa kuwa suluhisho walianza kwa kumpa mechi tano kama mrushaji wa kwanza, ndipo wakamhamishia mwishoni mwa mechi. Alipata sevu 16. Kwenye mchujo, mechi ya kwanza dhidi ya Oakland, aliondolewa katika raundi ya tisa akiwa ameacha watu wawili vituoni, Embree akaingia, Oakland wakasawazisha na hatimaye wakashinda. Siku mbili tatu baadaye mashabiki wa Boston walimzomea alipotangazwa nyumbani naye akawaonyesha kidole. Raundi iliyofuata hakuwekwa hata kwenye orodha ya wachezaji.

Wakati huo magongo ya Boston yalikuwa yakifunika yote. Timu ile ilivunja rekodi ya nguvu za upigaji iliyowekwa na Yankees wa 1927, ikashinda mechi 95. Ukishinda 9-6 hakuna anayeuliza nani aliruhusu ile sita.

Sasa sehemu inayoniuma hata leo, na mimi si shabiki wa Boston. Kufikia Oktoba bulpeni ilikuwa imepata mpangilio wenyewe. Timlin, Embree na Scott Williamson, aliyeletwa kutoka Cincinnati mwezi Julai, walikuwa wanarusha vizuri mno. Timlin hakuruhusu mkimbio hata mmoja katika mchujo wote. Tarehe 16 Oktoba, mechi ya saba na ya mwisho dhidi ya Yankees, New York, mshindi anakwenda World Series. Boston wanaongoza 5-2 raundi ya nane. Pedro amesharusha mipira 100 na ana uso wa mtu aliyemaliza kazi. Little anamrudisha uwanjani.

Derek Jeter anapiga, anafika kituo cha pili. Bernie Williams anapiga, Jeter anarudi nyumbani, 5-3. Little anatembea hadi katikati ya uwanja, anaongea na Pedro, kisha anarudi bila kumtoa. Hideki Matsui anapiga. Jorge Posada anapiga. 5-5. Pedro ana mipira 123 ndipo Embree anaitwa, kisha Timlin, na wawili hao wanazima moto kana kwamba haukuwahi kuwaka. Raundi ya kumi na moja Tim Wakefield, ambaye kwa kawaida ni mrushaji wa kwanza, anarusha mpira mmoja tu na Aaron Boone anaupeleka nje ya uwanja. Kule New York ilikuwa imeshapita saa sita usiku. Kwa saa zetu ilikuwa saa moja na dakika zake asubuhi, Nairobi watu wako kwenye matatu wanaelekea kazini na hawana habari kwamba jiji zima la Boston linalia. Siku kumi na moja baadaye Little aliambiwa mkataba wake hautaongezwa.

Amelaumiwa kwa kutojua hesabu. Nadhani hapa alichokosa ni kitu kingine. Kocha huyu alikuwa ametumia msimu mzima akiambiwa kwamba bulpeni yake haina mwenyewe, kisha ina Lyon, kisha ina Kim, kisha haina Kim. Katika saa ngumu kuliko zote alitafuta jina la kuita, na jina pekee lililokuwa na uzito kichwani mwake lilikuwa la Pedro. Wale watatu walikuwa tayari. Hawakuwa wamekaa kwenye nafasi zao muda wa kutosha hata kocha awaite bila kuwaza.

Na tazama upande wa pili wa uwanja usiku ule. Yankees walikuwa na Mariano Rivera, mfunga mchezo mwenye jukumu lililo wazi kuliko yeyote katika historia, atakayemaliza kazi yake na sevu 652. Joe Torre alimwingiza raundi ya tisa mechi ikiwa sare, akamwacha raundi tatu. Hakuna sevu pale, mechi ya sare haina sevu. Torre alifanya kile hasa Bill James alichokuwa akikihubiri, lakini alikifanya na mtu ambaye kila aliyekuwa uwanjani alijua yeye ni nani.

Kabla ya msimu wa 2004 Boston walimlipa vizuri Keith Foulke, aliyekuwa na sevu 43 akiwa Oakland, na kumpa raundi ya tisa bila mjadala. Kocha mpya alikuwa Terry Francona. Oktoba wakakutana tena na Yankees na kufungwa mechi tatu za kwanza. Mechi ya nne, tarehe 17, Boston wako nyuma 4-3 katika raundi ya saba. Nani anaingia? Foulke. Mfunga mchezo, raundi ya saba, timu ikiwa nyuma! Alirusha karibu raundi tatu, kesho yake akaitwa tena, na keshokutwa tena. Boston wakashinda mechi nne mfululizo, kisha World Series, ya kwanza tangu 1918, na mpira wa mwisho kabisa ulimrudia Foulke mkononi. Ukiniuliza, ile ndiyo siku wazo la James lilipofanya kazi. Jukumu la kila siku lilikuwa wazi, kwa hiyo lilipovunjwa kwa ajili ya dharura hakuna aliyepotea.

Francona huyo huyo, mwaka 2016 akiwa Cleveland, alikwenda mbali zaidi. Alimpata Andrew Miller, pengine mrushaji wa akiba mkali kuliko wote wakati huo, na hakumpa raundi ya tisa. Hiyo alimwachia Cody Allen. Miller aliingia raundi ya tano, ya sita, popote wapigaji hatari wa wapinzani walipofikiwa na zamu. Dhidi ya Toronto alirusha raundi saba na ushei bila kuruhusu mkimbio, akawatoa watu 14 kwa kuwakosesha mpira, akatajwa mchezaji bora wa mfululizo. Hakuwa na saa maalumu. Lakini alikuwa na kanuni, na angeweza kuifuata kwa macho akiwa kwenye benchi: tazama nani anakuja kupiga, anza kunyoosha mkono. Mpangaji kazi mzuri wa mfumo wa kompyuta hufanya hivyo hivyo. Ratiba inaweza kubadilika kila sekunde ilimradi kanuni ya kuibadilisha inajulikana.

Oktoba hiyo hiyo Baltimore walicheza Toronto mechi moja ya kufa na kupona. Mfunga mchezo wao Zack Britton alikuwa na msimu wa ajabu, nafasi 47 za sevu, zote 47 amezipata. Mechi ilikwenda sare hadi raundi ya kumi na moja. Buck Showalter akawa anamsubirisha Britton mpaka watakapoongoza, apate kufunga. Hawakuongoza kamwe. Edwin Encarnación alimpiga Ubaldo Jiménez mpira ukatoka nje, 5-2, na Britton hakurusha hata mpira mmoja. Hapo jukumu lilikuwa wazi kabisa, likawa jela.

Cleveland walifika World Series mwaka huo wakakutana na Chicago Cubs, na rais wa shughuli za besiboli wa Cubs alikuwa Theo Epstein, yule kijana wa kamati ya 2003. Safari hii hakutaka mchezo: Julai alikuwa amemnunua Aroldis Chapman, mfunga mchezo anayerusha kwa kasi inayotisha. Mechi ya sita kocha Joe Maddon alimtumia Chapman wakiongoza 7-2, jambo ambalo hadi leo linabishaniwa. Mechi ya saba mkono ulikuwa umechoka, na raundi ya nane Rajai Davis akampiga nje ya uwanja, 6-6. Ikaenda raundi ya kumi, Cubs wakapata mikimbio miwili, Carl Edwards Jr. akaanza kulinda, Cleveland wakarudisha mmoja. Zimebaki pointi chache za jasho kwa klabu ambayo haijachukua ubingwa tangu 1908. Simu ya bulpeni ikamwita Mike Montgomery. Alirusha mipira miwili, mpigaji wa Cleveland akaugonga taratibu kuelekea kwa Kris Bryant, Bryant akautupa kituo cha kwanza. Kwenye kumbukumbu Montgomery aliandikiwa sevu, ya kwanza kabisa katika maisha yake ya ligi kuu.